Scary Movie 2 kwa kopi nne: ipi uiweke Jumamosi usiku

Tuanze na onyo, maana wengi huichukua hii muvi kichwakichwa halafu wanaumbuka sebuleni. Scary Movie 2 ni kichekesho cha mizimu, na kuchekesha kwake ni kule kwa chini kabisa: matapishi, choo, kasuku mwenye matusi, na mambo ya chumbani yasiyowekewa hata pazia. Kwao Marekani ilipewa daraja la R, yaani aliye chini ya miaka 17 haingii sinema bila mtu mzima. Mimi niliiwasha mama mkwe akiwa amekuja kutusalimia kutoka Kondoa, nikijua kashalala. Mwanzoni kabisa kuna padri yuko chooni anahangaika na tumbo lake, na hapohapo mlango wa chumba cha wageni ukafunguka. Remoti ilikuwa imezama katikati ya mito ya kochi.

"Baba, hiyo ni ibada?" akaniuliza.

"Ndiyo, mama."

Kwa hiyo sitakaa hapa kubishana kama ni muvi nzuri. Si nzuri. Ya kwanza, ya mwaka 2000, ilitengenezwa kwa dola milioni 19 hivi ikarudisha zaidi ya milioni 270 duniani kote. Hela ya namna hiyo haimwachi mtu alale. Mwongozaji, Keenen Ivory Wayans, akarudishwa kazini na ya pili ikatoka tarehe 4 Julai 2001, hata mwaka haujatimia. Haraka hiyo unaiona: hadithi ni uzi tu wa kutundikia vichekesho. Profesa (Tim Curry) anawapeleka wanafunzi wake kulala kwenye jumba lenye mzimu, akiwadanganya kwamba ni utafiti wa matatizo ya usingizi. Cindy wa Anna Faris yumo, Brenda wa Regina Hall yumo, Shorty wa Marlon Wayans yumo na bangi yake. Anayewapokea ni mtunza nyumba, Hanson, ambaye mkono wake mmoja umenyauka na ndio huohuo anaoutumia kwenye chakula. Yule padri wa chooni, kwa taarifa yako, alikuwa awe Marlon Brando mwenyewe. Akashikwa na nimonia, nafasi akapewa James Woods.

Swali langu ni lile analoniuliza kila mtu nikitaja hii muvi: niichukue kopi ipi? Kwa sababu Dodoma hii unaweza kuipata kwa sura nne, na mimi, kwa ujinga wangu, ninazo zote nne. Nimezijaribu kwenye TV yangu ya inchi 32 hapa Ilazo na kwenye inchi 55 ya binamu yangu kule Kisasa. Nimeziona mara nyingi kuliko muvi hii inavyostahili, na nilichojifunza ni kwamba kichekesho huliwa kwa sikio. Dukani wanakuuzia picha, "hii ni HD, bosi, inang'aa", lakini kinachokufanya ucheke au ukae umenuna kama uko kwenye foleni ya luku ni sauti. Picha nayo ina sehemu moja tu ya kuiangalia kwa makini, nayo ni giza.

Ile ya kumi na mbili kwa moja

Naianza hii kwa sababu bado inatembezwa barabarani, Majengo huko na pembeni ya Sabasaba, ingawa deki zenyewe siku hizi zimekuwa kama redio za mbao. Kasha lina vichwa vya waigizaji kama ishirini, nusu yao humo ndani hawamo. Nilitoa elfu mbili. Muuzaji akanihakikishia: "Bosi, humo kuna kumi na mbili, zote za kuchekesha." Mbili zilikuwa za vita.

Hesabu yake ni rahisi. Diski ya DVD ya tabaka moja inabeba gigabaiti 4.7. Zigawe kwa muvi kumi na mbili, kila moja inabaki na megabaiti 390 hivi. Kwenye DVD orijino muvi moja inajitanua peke yake kwenye diski nzima. Hapa ni sufuria ya wali wa watu wawili imelishwa msiba.

Na kinachopunjwa kwanza ni giza. Programu inayobana picha hutafuta pale inapodhani jicho halitashtuka, na kona nyeusi ya chumba ni mahali pazuri pa kuiba. Basi badala ya ukuta wenye kivuli unaona mapande ya mraba meusi yanayohamahama, kama vigae vimepata miguu. Ingekuwa muvi ya mapenzi ya ufukweni mchana kweupe nisingesema kitu. Hii karibu yote iko ndani ya jumba usiku. Mzimu ukipita kwenye korido huuoni. Unaona vigae vinagombana, halafu msichana anapiga kelele, nawe unabaki kumuuliza mwenzio kulikoni.

Sauti yake, ajabu, si mbaya. Imebanwa, ndiyo, lakini ni ya chaneli mbili za kawaida, maneno yanasikika. Tutakuja kuona kwamba hilo si jambo dogo.

Neno kuhusu vumbi, kwa kuwa tuko hapa. Kuanzia Juni upepo wa Dodoma ukianza kazi yake hakuna kinachopona, hata mswaki unautoa bafuni unasaga meno. Diski ikikwamakwama usiikimbilie na kanga na kuizungushia mikono kama unasugua sahani. Taarifa kwenye diski zimeandikwa kwa mzunguko, kwa hiyo mkwaruzo unaofuata mzunguko unaharibu kipande kirefu mfululizo ambacho deki haiwezi kukikisia. Futa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, mstari mnyoofu. Mkwaruzo unaokatiza deki inauruka.

Faili la kwenye flashi

Hii ndiyo njia ya wengi sasa. Unaenda kwenye kibanda cha kujaza muvi, unampa kijana flashi, anakufungulia folda. Mimi huenda kwa mmoja karibu na Chang'ombe. Ana kompyuta ya mezani iliyovuliwa kifuniko cha pembeni ili ipate hewa, na feni ndogo imeelekezwa ndani yake badala ya kumpepea yeye. Shida ni kwamba ndani ya folda kuna Scary Movie 2 tano, na kwa jina zote ni moja.

Maswali ya kumuuliza ni machache, na asipokuwa na majibu mwambie akufungulie faili mwangalie wote.

La kwanza ni ukubwa. Faili la megabaiti 700 limebaki kama mila tu, ni kimo cha CD ya zamani. La gigabaiti moja na nusu hivi ndilo la wastani. Kuna la gigabaiti nane ambalo kijana atakupa kwa fahari. Usilichukue kama TV yako ni inchi 32 ya kawaida. Nyingi kati ya hizo zina nukta 1366 kwa 768, yaani kama milioni moja, wakati picha kamili ya HD ina 1920 kwa 1080, milioni mbili. Nusu ya ulichobeba TV inaitupa. Zaidi ya hapo, flashi nyingi zimepangwa kwa mtindo wa FAT32 ambao haupokei faili moja linalozidi gigabaiti 4. Kunakili kunagoma katikati, mnaanza kulaumiana na mwenye kibanda bila sababu.

La pili ni sauti, na hapa naomba utulie. Faili kubwa mara nyingi huja na sauti ya aina ya DTS. TV nyingi za huku kwetu haziisomi. Unafika nyumbani, umeshanunua chipsi kuku, unachomeka flashi: picha safi, midomo inacheza, kimya. Hanson anaponda viazi kwa ule mkono wake, wageni mezani wanatoa macho, na wewe husikii hata kijiko. Omba yenye AAC au AC3. Kinyume chake pia kipo: unasikia kila kitu ila kioo ni cheusi. Hapo picha imebanwa kwa HEVC na TV yako ni ya zamani kuliko hiyo teknolojia. Omba yenye H.264.

Hata AC3 ina mtego wake. Muvi hizi sauti yake imepangwa kwa spika sita, na maneno ya waigizaji yamewekwa karibu yote kwenye spika ya katikati. Sebuleni kwako hakuna spika ya katikati. Kuna TV, na pengine sabufa. TV inapozikamua chaneli sita ziwe mbili, maneno hutoka yamepungua nguvu huku muziki na vishindo vikibaki na ubabe wao. Kwa hiyo unaongeza sauti ili umsikie Brenda anamnong'oneza nini Cindy, halafu mzimu unabamiza mlango na jirani naye anaubamiza wako. Muvi ya kupigana hilo unaweza kulivumilia. Hii kichekesho kipo kwenye mnong'ono.

Dawa: ingia kwenye mipangilio ya sauti ya TV, weka stereo, kama kuna hali ya mazungumzo iwashe, na kwenye sabufa punguza besi mpaka karibu na mwisho. Najua inauma. Mtu hakununua sabufa apunguze besi. Jaribu kwa dakika 83 tu.

Na dakika hizo 83 zina kisa chake. Siku moja nilirudi kwa kijana wa Chang'ombe nimefura. Faili la kwanza lilikuwa linaisha dakika ya 83, la pili dakika ya 80 kasoro. Nikamwambia kanikatia muvi. Akaapa. Mteja mwingine, mwanafunzi wa UDOM aliyekuwa anasubiri zamu yake, akatuamulia bila hata kuinua macho kwenye simu: "Mzee, hilo moja limetoka kwenye DVD ya Ulaya." Nilipoenda kulifuatilia nikakuta yuko sahihi. Filamu hupigwa picha 24 kwa sekunde. Mfumo wa televisheni wa PAL, waliokuwa wakiutumia Ulaya na hata sisi, ulitaka 25, basi walichokuwa wakifanya ni kuikimbiza kidogo, asilimia nne. Hakuna kilichokatwa, ila kila mtu anaongea haraka kidogo na sauti zimekonda. Ukisikia Shorty kama ana mafua mepesi, ndiyo hiyo.

Hili lina madhara pale unapotaka maandishi chini. Faili la maandishi linatakiwa liwe na jina lilelile la muvi na likae folda moja nalo, hapo TV nyingi zitalichukua zenyewe. Lakini ukichukua maandishi ya kopi ya 24 ukayaweka kwenye kopi ya 25, yanaanza vizuri kabisa, unajipongeza, kisha yanachelewa taratibu, na kufika mwisho yako nyuma dakika tatu nzima. Kichekesho unakisoma wakati wenzako wameshahamia kingine.

Iliyotafsiriwa

Hapa ndipo panaponiweka njia panda.

Kwa aliyekulia mbali na mambo haya: mtu mmoja anakaa na maikrofoni, anaishusha sauti ya muvi, anaongea juu yake mwanzo mwisho. Anakuwa msichana, anakuwa profesa, anakuwa paka, anakuwa mzimu. Jina la Lufufu lilijulikana nchi nzima kwa kazi hiyo, na waliomfuata ni wengi. Niliyonayo mimi niliiona kwanza kwenye kibanda umiza, mabenchi ya mbao, pazia la blanketi mlangoni, na baadaye nikaitafuta nikaipata.

Picha yake ni aibu. Chanzo chake ni VCD, nukta 352 kwa 288, yaani laki moja hivi, wakati DVD ina laki nne na diski ya Blu-ray milioni mbili. Kwenye inchi 55 ni gauni la mtoto kavishwa mtu mzima. Juu ya hapo mtu kaivuta ijae kioo, kila mtu kanenepa mashavu. Kwenye remoti tafuta kitufe cha ukubwa wa picha, irudishe kwenye 4:3, angalau Cindy apungue. Chini kunapita namba ya simu ya duka, na ikifika kwenye paji la uso wa mtu hukaa hapo kama imelipia. Giza usiliulize. Hakuna giza, kuna chenga.

Sasa sikiliza. Kuna mahali Cindy na Brenda wanafukuzwa na mifupa ya mtu. Wanakimbia, wanalia, halafu Brenda anasimama: jamani hii si mifupa tu? Kwenye Kiingereza anamtaja Calista Flockhart, mwigizaji wa tamthilia ambaye Marekani ya wakati ule ilikuwa imeushupalia wembamba wake. Nilipoiona kwa mara ya kwanza sikucheka. Nilidhani ni jina la duka. Mtafsiri wangu alipofika hapo akavuta pumzi, akasema kwa sauti ya mama ntilie aliyechoka: "Hii mifupa? Hata supu ya kongoro haitoki hapa!" Kibanda kizima kikalala. Mzee mmoja benchi la mbele alivua kofia akajifutia machozi.

Hilo ndilo tatizo la muvi hii na ndilo deni analolilipa mtafsiri. Vichekesho vyake vingi ni vya kuiga kazi nyingine: mwanzo wote wa padri ni The Exorcist ya 1973, jumba lenyewe ni The Haunting ya 1999, kuna vipande vya Poltergeist, kuna pigano la mwishoni linaloikejeli muvi ya Charlie's Angels, kuna hata tangazo la Nike la vijana wanaodundisha mpira. Kama hukuviona, unamwona mtu anadundisha mpira tu katikati ya jumba la mizimu na hujui umemkosea nini Mungu. Mtafsiri anakujengea kichekesho kingine palepale. Nyumba kaiita Gamboshi, kile kijiji kinachosifika kwa uchawi. Hanson kamwita fundi seremala aliyesahau kiganja chake kwenye randa. Kile kipande cha mmea wa bangi unaoota kama jitu, unamshika Shorty na kumsokota wenyewe, akakipa sentensi moja tu: "Leo bangi inavuta mtu." Hakuna cha kuongeza.

Ila si malaika. Ana ugonjwa wa kuwahi. Pigano la Cindy na paka, wanaotupiana ngumi kama wako ulingoni, ni kitu ambacho usingekitegemea, na utamu wake ndio huo. Yeye anakutangazia: "Sasa mtaona paka atakavyomfanya." Basi, kimekufa. Na palipo na mchezo wa maneno ya Kiingereza ambao umemshinda ananyamaza, unamsikia anakunywa maji, glasi inagonga meza. Matusi kayapunguza makali kidogo, lakini usije ukadhani inafaa watoto. Macho hayatafsiriwi.

Na kwa kuwa sauti ya awali imeshushwa moja kwa moja, ile kazi yote ya milango kulia taratibu na upepo wa korido haipo. Kwa muvi ya kutisha ya kweli ningekataa. Hapa sikuikosa.

Blu-ray

Hii niliagiza kwa ndugu aliyekuwa anarudi kutoka Uingereza. Sina deki yake. Naiweka kwenye PlayStation 4 ya binamu, ambayo watu wengi wanayo ndani na hawajui kwamba inasoma hizi diski. Angalia kanda, yaani eneo la dunia ambalo diski imetengenezewa: Afrika na Ulaya ziko kanda B, ya Marekani ni A, na zisipofanana mashine inaweza kuikataa. Kwa DVD orijino ni vivyo hivyo, sisi tuko namba 5, ingawa deki nyingi za bei ya chini zinazouzwa hapa hazijali namba.

Picha ni safi, giza ni giza, unaona mbao za ngazi na vumbi juu yake. Kuna mistari miembamba myeusi juu na chini. Iache, ndivyo ilivyopigwa. Lakini usafi una bei yake. Mzimu wa muvi hii ulichorwa kwa kompyuta za 2001 kwa haraka niliyokueleza, na kwenye kopi safi unauona ulivyo: mzimu wa plastiki, umebandikwa juu ya picha kama stika kwenye bajaji. Mifupa nayo inateleza sakafuni bila uzito. Kwenye chenga za VCD kila kitu ni kibovu kwa usawa, kwa hiyo hakuna kinachojitokeza. Binamu hakubaliani nami, anasema hata huo uplastiki unachekesha. Labda.

Kinachoiokoa kweli ni sauti, maana PlayStation inaruhusu uichague iwe stereo na mnong'ono unausikia.

Za kutazama mtandaoni sina mengi ya kusema. Muvi inaingia na kutoka kwenye huduma hizo, leo ipo kesho haipo, na kwa ubora wa HD hesabu gigabaiti tatu kwa saa. Hii itakula nne na kidogo. Bando lako unalijua mwenyewe.

Na tusidanganyane: kopi tatu za mwanzo mwenye kazi hakuulizwa, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalijua hilo vizuri. Iliyo halali mkononi mwangu ni Blu-ray peke yake, na ndiyo iliyonigharimu.

Basi ipi?

Kama uko peke yako, Kiingereza hakikupigi chenga na muvi za mizimu umekula sana, chukua faili la gigabaiti moja na nusu, AAC, H.264, dakika 83, na upunguze besi. Kwenye inchi 32 hutaona tofauti ya maana na Blu-ray. Kama una TV kubwa na chumba kinachoweza kuwa giza kweli, Blu-ray. Ya kumi na mbili kwa moja ni kwa mwenye deki na asiye na njia nyingine, au anayetaka zile mbili za vita.

Kama mko zaidi ya watatu, ninyi chukueni ya kutafsiriwa. Sisemi kwa utani. Jumamosi moja tulikuwa watu saba kwa binamu, nikaweka Blu-ray kwa mbwembwe, taa zimezimwa, inchi 55 inawaka. Chakula cha Hanson kikapita, watu wakatabasamu. Mifupa ikapita, kimya. Shemeji akageuka: "Shem, mbona huyu hatafsiri?" Wote wakaunga mkono. Nikajiona nina akili: nikaanzisha Blu-ray upya bila sauti, na kopi ya kutafsiriwa nikaiwasha kwenye simu iliyounganishwa na sabufa, zikaanza pamoja sekunde ileile. Picha bora, mtafsiri bora, nini tena?

Dakika kumi za mwanzo tulikuwa peponi. Nilichosahau ni kwamba kopi ya mtafsiri imetoka kwenye PAL, inakimbia picha 25. Kufika nusu saa alikuwa ametutangulia zaidi ya dakika nzima, anacheka vitu ambavyo kwenye kioo havijatokea. Na yeye tayari ni mtu wa kuwahi. Paka alikuwa bado hajaingia, na sisi tumeshajua nani kashinda.

Natafuta kopi ya huyo mtafsiri inayoisha kwa dakika 83. Kijana wa Chang'ombe anasema ataiulizia Dar.